Mimbari na Mlolongo: Dini na Demokrasia ya Kenya, 1975–2025

Redio ya asubuhi

Machi 1975, Mkenya aliyefungua redio asubuhi kabla ya kwenda kazini alisikia mtu akizungumza habari za damu. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge aliyependwa na wanyonge na kuogopwa na wakubwa, alikuwa ametoweka tarehe 2 mwezi huo. Maiti yake ikapatikana vilima vya Ngong. Wanafunzi wa chuo kikuu wakamiminika barabarani, Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, na magazeti yakaandika kwa tahadhari, mkono mmoja kwenye taipureta na mwingine kwenye breki.

Sauti ya Kenya ilikuwa redio ya serikali, na kila asubuhi ilitenga dakika chache za mahubiri. Zamu ya siku hizo ilimwangukia David Gitari, katibu mkuu wa Chama cha Biblia. Hakumtaja Kariuki. Alizungumza juu ya thamani ya uhai wa binadamu, kisha akafika kwenye kisa cha Kaini na Abeli, pale Mungu anapomuuliza muuaji ndugu yake yuko wapi. Nchi nzima ilijua ni ndugu gani anayeulizwa. Wakubwa wa redio walimwita ajieleze, lakini wangemkataza nini? Mtu alikuwa akisoma Kitabu cha Mwanzo.

Miezi michache baadaye Gitari aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki. Na Kenya ilikuwa imegundua kitu ambacho kingeitumikia kwa robo karne: kuna maneno ambayo mwanasiasa akiyasema jukwaani anakamatwa, na mchungaji akiyasema mimbarini anaitikiwa "Amina".

Milango inafungwa, 1969–1986

Haikuwa kwamba makasisi wa Kenya walikuwa jasiri kuliko watu wengine. Wengi walikaa viti vya mbele kwenye sherehe za Jamhuri, wakaombea serikali, wakapokea harambee za kuezeka makanisa, mambo yakaisha hapo. Kilichowasukuma mbele ni kufungwa kwa milango mingine, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1969 chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kilipigwa marufuku. Mwaka 1980 ilikuwa zamu ya chama cha wahadhiri wa chuo kikuu. Juni 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika katiba na kuifanya KANU chama pekee cha siasa kisheria. Jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo likampa Rais Daniel arap Moi sababu ya kukaza kamba zaidi. Msako wa kundi la siri la Mwakenya ulipoanza mwaka 1986, walimu, wanafunzi na waandishi walipelekwa mahakamani saa za jioni na kufungwa kabla majirani hawajajua kwamba wamekamatwa. Mwaka uliofuata hata Maendeleo ya Wanawake, chama cha kina mama, kiliunganishwa na KANU.

Waliobaki na mahali pa kukusanyika bila kuomba kibali ni waumini. Kanisa lilikuwa na parokia na usharika hadi mashinani, lilikuwa na shule na hospitali, na lilikuwa na wafadhili wa ng'ambo ambao wangeuliza maswali askofu akipotea. Baraza la Makanisa, NCCK, lililoanzishwa mwaka 1943, lilikuwa pia na vyombo vyake vya habari: gazeti la Target kwa Kiingereza na Lengo kwa Kiswahili. Target liliwahi kuhaririwa na Henry Okullu, Mjaluo asiyemung'unya maneno, ambaye mwaka 1974 alitoa kitabu juu ya kanisa na siasa Afrika Mashariki na mwaka huohuo akawa askofu wa Maseno Kusini. Ndiyo kusema alifika kwenye uaskofu akiwa tayari amekomaa katika uandishi. Alijua neno lipi litachapwa kesho yake ukurasa wa kwanza.

Kupanga foleni nyuma ya picha

Agosti 1986 KANU iliamua kwamba wagombea ubunge watateuliwa kwa mlolongo. Kura ya siri ikawekwa kando. Wapiga kura walikusanyika uwanjani, shuleni au kwenye baraza la chifu, na kila mmoja akapanga foleni nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake. Msimamizi alipita akihesabu vichwa. Atakayepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuwa mbunge, bila kura nyingine ya sandukuni.

Mwanasiasa aliyeshindwa angeweza kulalamika. Mchungaji alikuwa na shida ya aina nyingine kabisa. Katika kanisa lake walikuwamo wafuasi wa wagombea wote. Jumatatu akisimama nyuma ya picha ya mmoja, Jumapili atawapaje wengine ushirika mtakatifu? Wachungaji wapatao 1,200 wa NCCK walikuwa wamekutana Chuo Kikuu cha Kenyatta mwezi huohuo, wakatamka kwamba utaratibu huo utagawanya watu na kwamba wao hawataweza kupanga foleni.

Swali lilianza kama la kichungaji na likawa la kikatiba. Nani ana haki ya kujua ninamchagua nani? Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliuliza, Okullu akauliza, Gitari akaugeuza mlolongo kuwa mada ya mahubiri. Askofu Mkatoliki wa Nakuru, Ndingi Mwana a'Nzeki, naye hakunyamaza. Si wote waliokubaliana nao. African Inland Church, kanisa la Moi mwenyewe, lilijitoa NCCK, na tangu hapo ramani ya makanisa ya Kenya ikaanza kufanana na ramani ya siasa: wapo wa kukemea na wapo wa kubariki.

Mlolongo ulifanyika mapema mwaka 1988, na yaliyotokea yakabaki katika masimulizi ya Kenya hadi leo. Foleni ndefu ilitangazwa kuwa fupi, na fupi ikawa ndefu, mchana kweupe, wenye foleni wakitazama. Hakuna karatasi za kuhesabu upya: ukishasema foleni itawanyike, ushahidi umekwenda nyumbani kupika chakula cha jioni. Jarida la NCCK lililoitwa Beyond lilikusanya visa hivyo, sehemu kwa sehemu, likavichapisha. Serikali ikalipiga marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida. Mtu aweza kucheka, lakini jela ni jela.

Paa, barabara na Kamukunji, 1989–1991

Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge lenye silaha lilivamia nyumba ya Gitari huko Kirinyaga. Alikuwa amekemea hadharani wizi wa kura katika uchaguzi wa chama wilayani. Walipokuwa wakivunja milango, askofu alipanda juu ya paa akapiga mayowe. Majirani walisikia, wakatoka, na genge likakimbia. Picha ya askofu juu ya paa la nyumba yake, akiomba msaada kwa majirani kwa sababu polisi si wa kutegemea, inaeleza Kenya ya mwaka 1989 kuliko hotuba nyingi.

Siku ya Mwaka Mpya 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa kanisa la PCEA alihubiri Nairobi akitazama yaliyotokea Ulaya Mashariki, ambako Ceaușescu wa Romania alikuwa ameanguka wiki moja tu nyuma. Akasema tawala za chama kimoja Afrika nazo zina siku zao. Okullu akafuata: kifungu cha 2A kifutwe, na rais awekewe ukomo wa mihula miwili. Wanasiasa waliokuwa wakinong'ona wakapata ujasiri wa kusema. Kenneth Matiba, aliyekuwa amejiuzulu uwaziri mwaka 1988 kwa hasira ya uchaguzi wa chama, alijitokeza pamoja na Charles Rubia Mei 1990 kudai vyama vingi. Wakawekwa kizuizini siku tatu kabla ya mkutano waliouitisha Kamukunji tarehe 7 Julai. Mkutano ulizuiwa, ghasia zikazuka, watu wakauawa, na tarehe hiyo ikapata jina: Saba Saba.

Agosti mwaka huo waziri wa kazi, Peter Okondo, aliwaonya Muge na Okullu wasithubutu kukanyaga Busia, na kwamba wakienda huenda wasitoke hai. Muge alikwenda. Tarehe 14 alihubiri Busia mbele ya umati, na akiwa njiani kurudi Eldoret gari lake liligongana na lori. Akafa papo hapo. Okondo alijiuzulu. Walioamini kwamba ilikuwa ajali ya kawaida walikuwa wachache wakati ule, na hawajaongezeka sana.

Tangu hapo mambo yalikwenda haraka. Mlolongo na kanuni ya asilimia 70 vilifutwa mwishoni mwa mwaka 1990, baada ya kamati ya Makamu wa Rais George Saitoti kuzunguka nchi na kusikia mambo ambayo haikutumwa kuyasikia. Wafadhili walipozuia misaada Novemba 1991, Moi alikubali, na Desemba kifungu cha 2A kikaondolewa.

Mama wa wafungwa chini ya kanisa, na masheikh wa Mwembe Tayari

Vyama vingi vilikuja, wafungwa wa kisiasa wakabaki ndani. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa hao, wengi wao wazee, walikaa katika kona moja ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakaanza kufunga kula. Baada ya siku nne polisi walikuja na marungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya mama wale walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila Mwafrika aliyekuwapo aliielewa bila mkalimani.

Ng'ambo ya barabara kuna kanisa kuu la Anglikana, All Saints. Provosti wake, Peter Njenga, akawafungulia chumba cha chini ya kanisa, na humo wakakaa takriban mwaka mzima. Walilala sakafuni, wakaimba, wakapokea wageni waliokuja kusimulia mateso ambayo hawakuwahi kumwambia mtu, huku polisi wakizunguka nje. Juu yao ibada za Jumapili ziliendelea kama kawaida. Mwanzoni mwa mwaka 1993 wana 51 kati ya 52 waliachiwa.

Pwani nako kulikuwa na moto wake. Waislamu walikuwa na Baraza Kuu, SUPKEM, tangu mwaka 1973, lakini vijana wa Mombasa waliliona limelala kitanda kimoja na serikali. Mwaka 1992 kilizaliwa Islamic Party of Kenya, IPK, na Sheikh Khalid Balala akawa sauti yake, akihubiri Mwembe Tayari mbele ya wachuuzi, makuli na watu waliochoka kuulizwa maswali ya ziada kila wakiomba pasipoti. Serikali ilikataa kukiandikisha kwa hoja kwamba chama hakiwezi kujengwa juu ya dini. Mei mwaka huo kukamatwa kwa wahubiri kulizua ghasia mjini. IPK ikaelekeza nguvu zake kwa chama cha upinzani cha FORD-Kenya. Baadaye Balala alinyimwa pasipoti akiwa Ujerumani na hakurudi hadi mwaka 1997.

Hapa pana jambo ambalo historia nyingi za "kanisa na ukombozi wa pili" hulipita kimyakimya. Askofu akiwa mpinzani aliitwa mkaidi; sheikh akiwa mpinzani aliitwa mtu wa fujo. Kati ya maaskofu waliolilia uhuru wa kukusanyika, hawakuwa wengi waliosimama kuitetea IPK. Kuachana huko kungewarudia.

Ufungamano, 1997–2002

Tarehe 7 Julai 1997, miaka saba kamili baada ya Saba Saba ya kwanza, polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya All Saints, wakarusha gesi ya machozi na kupiga watu kati ya viti vya ibada. Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Juni 1999 alipigwa tena, safari hii nje ya Bunge, na picha za mchungaji amelala chini, mtu aliyeinua rungu juu yake, zikazunguka dunia.

Ugomvi ulikuwa juu ya nani aandike katiba mpya. Moi alitaka Bunge, akahoji Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Kwa kebehi hiyo alimpa mwananchi wa kawaida jina ambalo Wakenya wanalitumia hadi sasa. Desemba 1999 viongozi wa dini waliitisha mkutano katika jumba la Ufungamano, jirani na chuo kikuu. Jina lilifaa: Waprotestanti, Wakatoliki, SUPKEM na Baraza la Wahindu waliketi meza moja, wakaunda tume yao ya katiba chini ya Oki Ooko Ombaka, sambamba na ya serikali. Nchi moja ikawa na michakato miwili ya katiba. Mwaka 2001 Profesa Yash Pal Ghai alizikutanisha tume hizo, akikataa kuanza kazi kabla hazijaungana.

Pengine hicho ndicho kilele. Viongozi wa dini hawakuwa wakiomba kusikilizwa tena. Walikuwa wameweka meza, na dola ikaja kuketi. Lakini bei ilikwisha kulipwa pia. Agosti 2000 Padri John Kaiser, aliyetoa ushahidi mbele ya tume ya Akiwumi juu ya mapigano ya kikabila na kuwataja vigogo kwa majina, alikutwa amekufa kwa risasi kando ya barabara ya Naivasha.

Kushinda na kupotea, 2003–2010

KANU ilishindwa Desemba 2002, na marafiki wa kanisa wakaingia Ikulu. Ni vigumu kumkemea mtu uliyemwombea ashinde. Katibu mkuu wa NCCK aliyeongoza Ufungamano, Kasisi Mutava Musyimi, akateuliwa kuongoza kamati ya serikali ya kampeni dhidi ya ufisadi, na mwaka 2007 akachaguliwa mbunge wa Gachoka.

Meza ya Ufungamano nayo ilipasuka, na kilichoipasua ni mahakama za kadhi. Mahakama hizo zililindwa na ahadi ya Oktoba 1963, ambapo Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwamba ukanda wa Pwani utakapoacha kuwa wa Sultani, kadhi atabaki kuamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Kwa miaka 40 hazikumsumbua mtu. Rasimu ya katiba ilipojadiliwa ukumbi wa Bomas, wachungaji wakaziona kuwa upendeleo, wakaenda hadi mahakamani.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Maaskofu na wachungaji waligawanyika kwa makabila yao, wengine wakitabiri ushindi wa jamaa yao mimbarini. Machafuko yaliua watu zaidi ya 1,100. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani wakidhani hapo hapaguswi walichomwa moto humo. Februari NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wake walichukua upande na hivyo wakakosa sauti ya kupatanisha.

Kukiri hakukurudisha mamlaka. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, makanisa karibu yote makubwa yaliwataka waumini wapige "Hapana", kwa sababu ya kadhi na kifungu kinachogusa utoaji mimba. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walikuwa Wakristo. Katiba ilipita kwa asilimia 67. Wakristo wale waliofunzwa na Gitari na Okullu kwamba mtu apige kura kwa dhamiri yake walifanya hivyo, hata dhidi ya kanisa.

Bahasha ya Jumapili

Katiba mpya ilitoa mahakama huru, seneti, magavana na uhuru wa kusema. Mimbari haikuwa tena mahali pekee pa kusemea. Ikawa, badala yake, mahali pa kampeni: msafara unaingia katikati ya ibada, mheshimiwa anaketi mbele, kwaya inaimba wimbo wa kumkaribisha, anapewa maikrofoni "asalimie kidogo", anawashambulia wapinzani wake nusu saa, anaacha bahasha ya ujenzi. Septemba 2021, Butere, wakati wa kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema imetosha: wanasiasa wanakaribishwa vitini, mimbari ni ya makasisi. Wengi walipiga makofi. Misafara haikukoma.

Juni 2024 vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha waliliona hilo waziwazi. Kabla ya kuingia Bunge tarehe 25, walikuwa wamekwisha kuwageukia wachungaji mitandaoni na hata kanisani, wakiuliza bahasha zinatoka wapi. Novemba, maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali wakiituhumu serikali kwa utamaduni wa uongo. Siku tatu baadaye Rais William Ruto alitoa mamilioni katika parokia ya Soweto, Nairobi, na kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Ilikuwa nadra kuonekana Kenya: kanisa linamrudishia rais sadaka.

Wengine waliona vingine. Tarehe 2 Machi 2025 Ruto aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana walijitokeza kuandamana kuelekea kanisani humo. Polisi, ambao mwaka 1997 waliingia All Saints kuwapiga waliokuwa ndani, safari hii walikuwa nje ya kanisa wakilinda ibada, na gesi ya machozi ikatanda barabara ya Thika.